Mota Kwanza, Nilisema

Leo nimemwangushia binti yangu kigari chake.

Ni kile cha rimoti cha kupanda mawe, ndiyo kwanza anaanza kujifunza. Aliponiuliza abadilishe nini kwanza, nilimjibu, "Mota."

Basi asubuhi, hapa Jomvu Kuu, mota mpya ikanguruma, magurudumu yakateleza juu ya jiwe, kigari kikabingirika hadi kwenye matope ya mikoko.

"Matairi laini ndiyo yangetangulia," akasema huku akikifuta kwa leso. "Kisha uzito uwekwe chini, kisipinduke. Mota mwisho."

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua, baba. Nilisoma baada ya kukuuliza."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa ushasema."

Nimechoka, na siku zangu si nyingi. Miaka yote nilidhani nyumbani kwangu mnakubaliana nami.

Wanangu mlioko humu kwenye kundi letu la familia, niambieni mengine niliyokosea, nikiwa bado nasikia.