Shikamoo ya Mshindi

Baba na mtani wake walikuwa wakishindania shikamoo. Kila asubuhi, taarifa ya habari ya saa moja redioni ikiisha, mtangazaji huuliza swali: siku kama ya leo, miaka ya nyuma, kulitokea nini? Kisha hupigwa matangazo ya sabuni na ya mbolea, ndipo jibu litolewe. Wazee wale wawili, baba yangu Mluguru wa Mkuyuni na mwenzake Mnyamwezi wa Tabora, walitakiwa kujibu kabla matangazo hayajaisha. Aliyeshindwa alimwamkia mwenzake shikamoo, na aliendelea kumwamkia hivyo kila walipokutana mpaka kesho yake. Ni watu wa rika moja, wastaafu wa kiwanda kimoja, lakini ungemkuta mmoja anampa mwenzake shikamoo katikati ya mtaa wetu wa Mwembesongo, wapita njia wakigeuka kutazama.

Mimi nashona kibarazani pale pale walipokuwa wakikaa, kwa hiyo kelele zao nilizisikia zote. Niseme ukweli, mchezo wenyewe niliuona wa kipuuzi. Nchi gani ilipata uhuru, mkutano gani ulifanyika, binadamu alitua lini mwezini: yatamsaidia nini mtu ambaye hata chai hajanywa? Nilikuja kuelewa polepole. Mambo yale kwangu ni historia ya shuleni, ila wao walikuwa vijana yalipotokea, na wanakumbuka walikuwa wamesimama wapi. Baba akijibu habari ya mwezini, lazima aongeze na shati alilovaa siku ile, na nani aliyemletea habari, na jinsi bibi yangu alivyokataa katakata kuamini. Mtani wake anamkatiza: "Uongo mtupu! Siku hizo nyie Waluguru mlikuwa hamjaanza kuvaa mashati." Baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Kisha kiharusi kikampiga baba. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote. Aliporudi kutoka hospitali, nyumba nzima ikaanza kuongea kwa sauti ya chini. Tulimuuliza maswali ya kutikisa kichwa tu. Baba, uji? Baba, jua limezidi? Mtu aliyezoea kubishana na redio, sasa tunamfuta midomo na kumsifu kwa kumaliza kikombe. Hospitali walisema tumwongeleshe, na sisi tuliamini ndivyo tunavyofanya.

Baada ya siku chache, asubuhi, mtani wake akaja, redio yake kwapani kama kawaida. Akakaa, akaifungua. Swali likaulizwa, matangazo yakapigwa. Baba alichezesha midomo, hakikutoka kitu, na jibu likatolewa.

"Umeshindwa, Mluguru," mzee yule akasema. "Haya, iko wapi shikamoo yangu?"

Baba akajaribu. "Shhh," ikatoka, na mate yakamchuruzika kidevuni. Mtani wake akakaa anamtazama, kiganja shavuni, hana haraka yoyote.

Niliinuka kwenye cherehani nikiwa na mkasi mkononi. Nilimchukia siku ile, sifichi. "Mzee, kwa heshima yako," nikamwambia, "utani una mipaka. Huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa ni mkono na mguu, mwanangu. Mtani wangu mbona mzima?"

Nikamwambia achukue redio yake aende, na asirudi mpaka ajue huruma ni nini. Akairudisha redio kwapani, akaondoka. Wanaoujua utani watasema nilivunja mwiko, maana mtani hakasirikiwi. Najua. Lakini hao hawakuwepo pale wakamwona baba yangu anavyotokwa na mate.

Tangu siku ile baba akakataa uji wa asubuhi. Ikifika saa moja anageuza uso kuelekea getini. Nilimfungulia redio ya simu yangu, nikamrudia lile swali mimi mwenyewe kwa sauti laini, na jibu nikampa hapo hapo asije akahangaika. Akafumba macho. Nilihisi nimemtukana, na sikujua kwa lipi.

Nilijua siku niliyotoka kununua uzi. Niliporudi nilimkuta peke yake kibarazani, shingo imemkaza, anasukuma neno. "Shhh. Shi." Anapumzika, anaanza tena. Hakuna aliyemwagiza. Sisi wote tulikuwa tumemrahisishia kila kitu, na mtu pekee aliyekuwa akimdai neno nilikuwa nimemfukuza.

Kwa mtani nilikwenda mwenyewe, na jogoo mkononi, maana nilijua kuna faini. Akampapasa jogoo kifua, akaguna. "Wa milimani huyu. Amekonda kwa kupanda vilima." Nikacheka, japo sikutaka. Kisha nikamwomba jambo moja: akirudi, amwachie baba ashinde, hata mara moja tu, apate moyo.

Uso wake ukabadilika. "Siku nitakayomwachia," akasema, "atajua nimeshamzika."

Alirudi, na hakumwachia. Kila kukicha baba alishindwa, na kila kukicha alidaiwa, nami nilishona huku nimeuma ulimi. Shi ikawa shika. Hapo pakakwama kwa muda mrefu, nikadhani ndiyo mwisho wake.

Ilikuwa Oktoba, joto limeshaanza, na milima ya Uluguru haionekani vizuri kwa moshi wa mashamba yanayosafishwa. Mtangazaji akauliza ni jirani yetu gani aliyepata uhuru siku kama ya leo.

"Zambia!" mtani akapayuka kabla hata sabuni haijatangazwa, akajipiga paja. "Nasubiri changu."

Baba akavuta pumzi. Mkono wake mzima ukang'ang'ania kiti.

"Shikamoo," akasema.

Lote. Lilitoka polepole, limepinda kidogo upande, lakini lote. Cherehani yangu ikasimama. Nikamgeukia mtani nikisubiri kejeli yake. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akavua baraghashia, akajifunika nayo uso, mabega yakimtikisika. Redioni jibu lilitolewa na hakuna aliyelisikia.

Baba alimsubiri, kidevu juu. Alimsubiri sana. Mwisho akaona mwenzake amechelewa mno.

"I-ti-kia," akasema.