Nozeli ya Ukungu

Juzi, kwenye gereji moja ya Muyinga, harufu ya dizeli ilinirudisha mchana ule mimi na baba tuliporejea kwetu kutoka Tanzania, nilikozaliwa ukimbizini. Pikapu yetu kuukuu, iliyofungwa injini ya lori, ilihitaji nozeli nyingine, kile kipua kinachopuliza dizeli ndani ya injini, ili ipande vilima hadi Bugendana kwa bibi. Fundi wa gereji ya njiani alijaribu mbili. Moja ilitema dizeli kama bomba. Nyingine ilitoa ukungu tu, chii, chii. Akachagua ya ukungu.

"Baba, hiyo haina nguvu!" nikalia. Kwangu wakati ule nguvu ilikuwa wingi.

"We ngoja tu," fundi akacheka. "Ya ukungu njo inawaka muzuri."

Sikuamini. Nikavua viatu, tayari kusukuma. Gari likapanda vilima vyote likinguruma kwa raha. Viatu vikabaki gereji.

Bibi, aliyekuwa hajawahi kuniona, hakulitazama gari. Aliinamia miguu yangu mitupu.

"Yoo, mwana wangu! Kutoka Tanzania kwa miguu?"