Shujaa wa Kiapo Katika Bohari ya Papa

Jumapili baada ya misa Papa, baba yetu, hakufungua duka, na bohari ya nyuma ikawa yetu. Tulikaa juu ya magunia ya mchele, watu watatu: mimi, kaka yangu mkubwa niliyemwita yaya, na binti wa jirani ambaye wazazi wake walitoka Isangi kwa mtumbwi. Mvua ilipopiga mabati, harufu ya chumvi na samaki mkavu ilipanda, na Kisangani yote ikawa mbali, kama mji niliousikia tu kwa watu. Hapo ndipo tuliposafiri.

Mchezo wetu ulikuwa wa maneno na dadu. Mmoja anasimulia dunia, wengine wanaishi ndani yake. Msimulizi nilikuwa mimi, maana nyumbani nilisifika kwa uongo. Binti wa jirani alikuwa mwizi, na kete yake ilikuwa kifuniko cha chupa ya bia. Yaya alikuwa shujaa wa kiapo, askari mtakatifu ambaye mwanga wa Mungu umo katika upanga wake, na kifuniko chake tulikipaka chokaa. Kitabu cha sheria za mchezo, fotokopi ya Kifaransa iliyochakaa, alikuja nacho mwenyewe kutoka seminari, ndani ya sanduku moja na kanzu yake nyeupe.

Kanzu hiyo hakuivaa tena. Alirudi kabla ya kuwa padri, bila kueleza. Papa, aliyetoka Butembo na bidhaa kichwani kabla duka lake halijajengwa, hakumfukuza wala kumgombeza. Alifanya kitu kimoja tu. Tangu yaya akiwa mdogo, wao wawili walikula fufu, ugali wetu wa muhogo, katika sahani moja, baba na mtoto wake wa kwanza. Sasa Papa aliomba sahani yake peke yake. Kila jioni nilibeba mbili, moja sebuleni, nyingine chumbani kwa yaya, na roho iliniuma. Yaya akaanza kuzungumzia kazi ya kufundisha huko Banalia. Nilijua kwamba akiondoka hivyo hatarudi.

Nami nilimkasirikia, niseme ukweli. Nilikuwa nimeshajisifia mtaa mzima kwamba nitakuwa dada wa padri. Kwa hiyo Jumapili moja, shujaa wake alipomdanganya mlinzi wa lango ili mwizi asinyongwe, sikufumba macho. Kitabu kilisema anayevunja kiapo hupoteza mwanga. Nilichukua kipande cha makaa nikakipaka kifuniko chake hadi kikawa cheusi.

“Chevalier yako ameanguka,” nikasema. “Mwanga haiko tena.”

“Aliongopa juu ya kuniokoa miye,” binti wa jirani akanung'unika.

Yaya alikiokota kifuniko, makaa yakamchafua kidole. “Bon. Basi aende kabisa ku giza. Kitabu inasema anaweza.”

Ni kweli, ulikuwepo ukurasa wa mashujaa waovu, wale waliogeuza kiapo chao, vazi jeusi la chuma mwilini, wafu wakiwafuata kwa utii. Niliupenda ukurasa ule kuliko zote. Niliwahi kuwaota wakipita maporomoko ya Wagenia juu ya farasi, kati ya nguzo za mitego ya samaki, maji yakinguruma chini yao na kwato zisilowe. Katika ndoto niliwaona wazuri. Lakini sauti ya yaya siku ile haikuwa ya mchezo, nikaogopa.

Kitabu hakikusema lolote kuhusu kitubio. Sisi tulikuwa watoto wa katekisimu. Kwetu aliyeanguka huenda kuungama, hata akiwa kifuniko cha chupa.

“Ungama kwanza,” nikamwambia. “Padri wa hii mchezo ni miye.”

Nilidhani atacheka. Alipiga magoti kati ya magunia, akasema polepole:

“Papa yangu alinivalisha hii armure, hii nguo ya chuma, mbele ya watu wote. Alilia na furaha. Nilikuwa naivaa kila siku, lakini ndani hakukuwa mutu. Niliogopa kuivua, juu nilijua hatanitazama tena. Nikaivua. Sijuti kuivua. Najuta kumukosa yeye.”

Mvua ilikuwa imepungua. Nyuma yetu ubao wa sakafu ulilia, na hapo tukamwona Papa mlangoni. Siku zote aliamini kwamba minong'ono yetu ya Jumapili ilikuwa rozari, na mara mbili alitusifia kwa majirani. Sasa alikuwa amemkuta mwanawe amepiga magoti. Alivua kofia.

“Sikukuja kusikiliza,” akasema. “Nilikuja kutafuta parapluie ya mvua.”

Hakuna aliyemwambia kuwa ni mchezo. Binti wa jirani aliufunika ukurasa wa mashujaa waovu kwa gauni lake. Yaya hakuinuka. Papa akanitazama mimi, niliyekaa kwenye gunia la juu, kana kwamba kweli nilikuwa na mamlaka.

“Donc, penitence yake, kitubio yake, iko gani?”

Mara hii sikutunga uongo.

“Arudie kukula na papa yake,” nikasema.

Papa aliizungusha kofia mikononi.

“Hiyo iko penitence yake,” akauliza, “ao yangu?”

Jioni ile aliomba maji ya kunawa mapema, akasogeza kiti cha pili karibu na chake. Nilitoka jikoni na sahani moja. Ilikuwa nzito, nikaishika kwa mikono miwili.