Hadithi ya Noeli Niliyoifuata Kashikishi

Niliondoka Lubumbashi Desemba ya mwaka tisini na saba kwa sababu mkono wangu ulikuwa umekataa kuchora. Nilikuwa natengeneza vitabu vidogo vya Noeli, vile vya picha na hadithi ambavyo wazazi huwanunulia watoto, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikinakili kadi za zamani za Ulaya: theluji, miti yenye ncha, nyumba zinazofuka moshi. Watu walinunua. Kisha siku moja parokiani, msichana mdogo alikitazama kitabu changu kwa muda mrefu, akaniuliza, "Tantine, uyu mutoto Yesu anasikia baridi. Juu ya nini habamufunike?"

Nilikifunga kile kitabu. Nilipokaa mezani kuanza kitabu cha mwaka unaofuata, kila mstari niliouchora ulionekana kuwa wa mtu mwingine. Papa Mwepu, mwenye kiwanda cha uchapaji, hakunificha. "Mama, kazi yako naipenda. Lakini ukiniletea tena ile ile, nitatafuta mwengine. Batu banachoka."

Ndipo nikaikumbuka Kashikishi. Baba yangu alizaliwa huko, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, na utotoni nililelewa miaka kadhaa na dada yake, ambaye nilimwita Mayosenge, kama Wabemba wanavyomwita shangazi. Kila Noeli mchuuzi wa samaki, Mama Rejina, alivuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo, akasimulia uani kwa Mayosenge jinsi Yesu alivyozaliwa. Alisimulia kwa Kiswahili, na hata Wabemba waliokijua kile cha kuuzia samaki tu walicheka mpaka machozi. Niliikumbuka sauti yake, na moshi wa samaki katika kikwembe alichojifunga, na jinsi nilivyojibana kati ya magoti ya watu wazima ili nisikie. Maneno yenyewe yalikuwa yamenitoka. Nikafunga penseli na karatasi katika mfuko wa plastiki, nikaenda kuyatafuta.

Mokambo, mpakani, nilipata lori la unga. Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya kwenda Chembe ilikuwa tope jekundu. Kila tulipokwama tulishuka, viatu mkononi, tukasukuma. Chembe tukaingia kwenye pantoni kuvuka Luapula. Mwanamke alikuwa ameketi juu ya magunia akimnyonyesha mtoto, na nilitoa karatasi nimchore. Mkono ukamchora Maria wa kwenye kadi, na shela lake la bluu. Nikaikunja karatasi, nikatazama maji.

Kutoka Mansa nilipanda basi la asubuhi. Mihogo ilikuwa imeanikwa kando ya lami, na wenyewe wamesimama karibu wakiitazama mbingu. Tulipopita Mwansabombwe, harufu ya samaki wakavu iliingia dirishani kabla ziwa halijaonekana. Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Kashikishi ilikuwa kimya kuliko nilivyoiacha. Desemba uvuvi hufungwa ili samaki wazaane, kwa hiyo mashua zilikuwa zimepinduliwa mchangani na vichanja vya kukaushia vilikuwa vitupu. Mayosenge alikuwa uani akipepeta unga. Alitupa ungo chini.

"Mwaiseni, mwana wandi!" Alinikaribisha kwa Kibemba, akanishika uso kwa mikono yenye unga. Nilikuwa nikimkumbuka mrefu; sasa alinifika begani.

Tulipokwisha kula nikamwambia nimekuja kumsikiliza Mama Rejina. Uso wake ukakunjamana.

"Hakuna hadisi mwaka huu. Rejina hajakuya toka mvua ya mwaka jana. Hakuna salamu, hakuna mutu wa kusema namuona."

Mwaka ule vita vilikuwa vimepita ng'ambo, nchi yetu ikabadilishwa jina, na wachuuzi wengi walikuwa wametawanyika. Nilijua hayo yote. Hata hivyo nikauliza, "Na hakuna mwingine anayeijua?"

Mayosenge alinitazama. "Weye umekuja kuniona miye, ao umekuja juu ya hadisi?"

Niliokota ungo wake, nikaendelea kupepeta.

Siku zilizofuata nilizunguka na karatasi zangu kuuliza watu wanakumbuka nini. Bashi Mutale, yaani baba yake Mutale, fundi wa mashua, alikuwa na hakika: Yosefu na Maria walivuka ziwa, na Yosefu alipiga kasia kwa kipande cha ubao. Jirani yake Bana Chola, mama yake Chola, akakataa katakata. "Walitembea kwa miguu toka Kawambwa! Mutoto alizaliwa mu nyumba ya chumvi." Mama mmoja wa kwaya akasema wote wamesahau, kwamba wachungaji walikuwa wanawake waliolinda samaki wasiliwe na mbwa, na malaika aliwakuta wakigombana. Walibishana mpaka Bashi Mutale akaondoka na nyundo yake bila kuaga. Nami nilichora yote, nisijue lipi ni la kweli.

Alasiri moja Mayosenge alisimama nyuma yangu. Nilikuwa namchora Mama Rejina.

"Hafunge kitambala vile. Anafunga pa mbele."

Nikafuta, nikachora upya. Akavuta kigoda. "Na shingo iko murefu kidogo." Tukaendelea hivyo mpaka jua likashuka, na katikati akanieleza walivyojuana. Rejina alifika mara ya kwanza siku ya Krismasi, binti yake anaungua homa, na hapakuwa na mtu wa kumpokea. Mayosenge aliwapa chumba. Mtoto alikuwa akilia, basi Rejina akaanza kumsimulia habari za Maria aliyefika mji asioujua na mtoto mgonjwa mgongoni.

"Maria hakuwa na mtoto mgonjwa," nilisema.

"Ile siku alikuwa naye," akajibu Mayosenge.

Noeli ilifika na jua kali. Baada ya ibada watu walikuja uani na vigoda vyao, ingawa waliambiwa hakuna kitu. Mayosenge, aliyesema hatapika chochote, alitoa chungu kikubwa cha munkoyo. Tulikuwa bado tunakunywa, kila mtu akikwepa kukitazama kiti cha Mama Rejina kilichokuwa wazi, mtu akaita kutoka ufukweni. Mashua ilikuwa imeingia. Mama Rejina alikuwa akipandisha mchangani, viatu mkononi, amekonda, kitambaa kimefungwa kwa mbele.

Watu walimkimbilia. Mayosenge hakuinuka.

"Mwaka muzima, Rejina. Sijue kama uko muzima."

"Bon," alisema Mama Rejina, akaketi. "Munipe munkoyo, mutasikia."

Akasimulia. Mwaka huo Yosefu na Maria walikuwa wamekwama ng'ambo, kwa kuwa askari wa mfalme walichukua injini ya mashua. Na huku upande wa pili kulikuwa na mama mmoja aliyeangalia maji kila asubuhi, midomo imekaza.

"Alikuwa anakasirika?" Bashi Mutale akauliza.

"Sana! Alipepeta bunga mpaka bunga ikasema, mama, uniurumie."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mayosenge alijifunika uso kwa chitenge, mabega yakitikisika, na hapo Mama Rejina akaacha kusimulia, akasogeza kiti chake, wakakaa bega kwa bega hadi Mayosenge alipoweza kusema, "Endelea."

Baadaye nilimuuliza Mama Rejina uko wapi ule ubao wa Yosefu, iko wapi nyumba ya chumvi.

"Ah! Ubao ni mwaka kasia ya Bashi Mutale iliibiwa. Chumvi ni mwaka nyumba ya Bana Chola iliungua, akalala mu stoo ya chumvi." Alicheka. "Mutoto, sisemaka ile ile. Naangalia kwanza nani anakaa mbele yangu, na nani anaumia."

Nilirudi Lubumbashi kwa njia ile ile nikichora kutoka Mansa hadi Mokambo. Katika kitabu kipya Maria wangu alikuwa muuza makaa, na Yosefu alikuwa mtu aliyefukuzwa kazi mgodini. Papa Mwepu alifunua kurasa taratibu. "Uyu namujua," alisema. Kisha, "Na uyu." Alikichapa.

Nilikuwa nimekwenda Kashikishi kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha utotoni, nikidhani kipo palepale kinaningoja. Nilijifunza kwamba hadithi ile haikuwahi kukaa mahali pamoja hata mwaka mmoja. Ndiyo maana ilikuwa hai.

Agosti iliyofuata vita vilirudi. Mama Rejina hakuvuka tena, na hakuna aliyeweza kutuambia alipo. Nilipofanikiwa kufika kwa Mayosenge, nilimuuliza Krismasi ya mwaka huo ilikwendaje. Akasema watu walikuja na vigoda vyao, basi akasimulia mwenyewe, kwa Kibemba na Kiswahili chake cha sokoni.

"Na Mama Rejina?"

"Nilimutia mu hadisi, mu bwato pa maji," alisema Mayosenge. "Iko anakuya."