Krimu Iliyogoma Kuyeyuka

Saa tatu asubuhi, feni inazunguka jikoni kwa Mama Krimu, lakini haimpulizii yeye wala mgeni wake mwandishi. Imeelekezwa kwenye sufuria ya rojo la pasheni.

"Sisi tutapoa jioni," anasema, jasho likimtiririka. "Hili ndilo linalotakiwa lipoe sasa."

Anadondosha tone upande wa ndani wa mkono, kama mama anayepima maziwa ya mtoto. Anatikisa kichwa. Bado.

Mezani, keki ndogo sitini za pasheni na embe zinasubiri zikiwa vichwa wazi, bila krimu. Saa saba zinatakiwa kwenye sherehe ya mtoto anayetimiza miaka mitatu. Mama wa mtoto huyo ndiye bi harusi ambaye Mama Krimu alimharibia keki miaka minne iliyopita.

"Ile siku sitaki hata kuikumbuka," anasema, kisha anaisimulia yote.

Ilikuwa oda yake kubwa ya kwanza, baada ya miaka tisa ya kupanga mikate kiwandani, ambako hakuruhusiwa kugusa keki hata moja. Kwa haraka zake, alimimina rojo likiwa vuguvugu kwenye siagi aliyoipiga na sukari. Jikoni krimu ilionekana sawa. Kufika ukumbini ilikuwa imeyeyuka na kuteremka yote ndani ya maboksi, na keki mia na ishirini zikabaki uchi.

"Bi harusi hakunitukana. Aliangalia boksi, akaniangalia mimi, akalifunga. Heri angenitukana."

Miezi miwili hakuwasha oveni. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeitengeneza oveni hiyo kwa mikono yake, ndiye aliyemchokoza.

"Nilimwambia, mke wangu, kama huoki tena, nilikate hili dude nitengeneze geti," anasema huku akicheka. "Kesho yake nikakuta unga mpaka ndani ya viatu vyangu."

Tangu hapo, kila Jumapili aliweka keki moja juani kibarazani, akaketi nayo akihesabu dakika. Ya kwanza ilidumu dakika sita. "Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Mtu mzima, nafukuzia keki inzi."

Akajifunza kuchemsha juisi mpaka iwe nzito, kuiacha ipoe kabisa, kisha kuitia kwenye siagi kijiko kimoja kimoja. Leo anauza keki mia tatu kwa wiki, na wanawake wawili wamepata kazi kwake.

Saa saba kasoro, jua likiwa la utosi, anashuka kwenye pikipiki ya mumewe akiwa amekumbatia maboksi. Ana roho juu, na hafichi.

Mama wa mtoto anafungua boksi. Anachukua keki ya pasheni, anaigeuza kichwa chini juu ya gauni lake jeupe, na kusubiri. Hakuna kinachodondoka. Anaing'ata.

"Mama Krimu," anasema akitafuna, "siku ile wageni wangu walikula keki zako hivyohivyo uchi, wakazimaliza. Sikukwambia. Nilikuwa na hasira."

Mama Krimu anakaa chini kwenye ngazi na kulia kwa furaha, aproni usoni.

Anapotulia, tunamuuliza anatamani nini sasa. Amekwisha kuanza kutafuta chumba cha duka, anasema, na vitatu amevikataa kwa sababu vina kivuli.

"Nataka chenye dirisha kubwa linalopigwa na jua la mchana. Keki zangu nitazipanga hapohapo dirishani."