Kikohozi cha Redio

Mkaguzi wa magunia ghalani kwetu tulimwita Redio, na jina hilo nililitoa mimi, kwa sababu kifua chake hakikuzimika. Kila gunia la mahindi analofungua, kwanza hugeuza uso pembeni, hubana pumzi, kisha huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko kutafuta ukungu. Ndipo hukohoa, akajifuta mdomo kwa leso, akaikunja mara nne na kuirudisha mfuko uleule. "Samahanini," husema kila mara, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake. Nami kila mara nilimjibu, "Miaka tisa tunakula vumbi moja, kaka, mbona mimi sikohoi? Unadeka tu." Watu walicheka. Naye alicheka, mpaka kikohozi kikamkata kicheko.

Wiki iliyopita nilimsindikiza kwa daktari wa mapafu. Daktari akatuambia kila mwili huzaliwa na askari wake, urithi wa baba na mama. Wa Redio wakiuona ukungu wa nafaka hupigana kwa hasira mpaka wanalijeruhi pafu lenyewe. "Wako," akanigeukia, "wanaupuuza. Ni bahati ya kuzaliwa, si ushupavu. Kwani wewe hukohoi kabisa?" Redio alikuwa anakunja leso yake. Badala ya "sikohoi", neno nililotamba nalo miaka tisa, nikakohoa kikohozi cha uongo. Redio akaigeuza leso upande mkavu, akaninyooshea.

"Pole, kaka," akasema.