Mchele wa Jumamosi

Mjukuu wa dada yangu ni muuguzi. Juzi alinieleza kwamba siku hizi kuna hospitali zinazowakalisha watu duara, kila mmoja akaeleza lililomuumiza na wenzake wakasikiliza, na kwamba wako wanaopona hivyo. Alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia kwamba sisi tulikuwa na ungo wa mchele. Akacheka, akidhani uzee umeanza kunila kichwa. Ninaandika haya ili asicheke tena.

Mwanangu alifariki kwa surua akiwa na miaka minne, yapata miaka sita kabla ya Uhuru. Tulikuwa tunakaa Kirumba, hatua chache kutoka ziwani. Mume wangu alikuwa fundi wa kuunda mitumbwi, mtoto wa mjini, Mwislamu, mpole kupita kiasi. Mimi nilitoka Usagara, kwenye pamba na ng'ombe, na upole sikuzaliwa nao. Bibi yangu alinilea nikijua kwamba mtoto mwenye surua hapewi maji ya kunywa, kwa kuwa maji hurudisha vipele ndani, na vikirudi ndani vinaua. Sikuwahi kuuliza nani aliyeliona hilo.

Siku tatu mwanangu aliomba maji. Ziwa lote lilikuwa pale nje, tunalisikia likipiga mawe, naye ameshika kanga yangu anaomba maji. Siku ya tatu mume wangu alichota mtungini kwa kikombe cha bati cha buluu, akamwinamia. Nilimpiga mkono. Kikombe kilianguka, kikabanduka rangi ukingoni. Nilimwambia kama anataka kumwua mtoto, basi aanze na mimi. Kisha nikatoka kwenda Buzuruga kwa mama mmoja aliyejua dawa za majani, nikarudi jua limeanza kushuka. Alfajiri yake mtoto akakata roho.

Siku ya matanga kuanuliwa, jamvi lilikunjwa, sufuria za watu zikarudi kwao, na ikaonekana kwamba msiba umekwisha. Majirani waliokuwa wakiniita mama fulani, kwa jina la mwanangu, sasa walikosa la kuniita. Walianza kunisalimu kwa kukohoa.

Tangu hapo mume wangu hakunywa maji mbele yangu. Alikula, akanawa, akatoka nje. Kiu yake aliimalizia huko kazini. Kikombe cha buluu kilikaa rafuni na hakuna aliyekigusa. Nilielewa vizuri sana, au hivyo nilijiambia. Mtu huyu ananihukumu, ila upole wake haumruhusu kusema.

Mwaka mmoja baadaye nilikuwa kwenye foleni ya zahanati kwa ajili ya jino. Muuguzi akawa anawaambia akina mama waliobeba watoto kwamba mwenye surua apewe maji, tena mengi, kwamba kumnyima ndiko kunakomwua. Nilitoka kwenye foleni na jino langu. Sikumwambia mtu, na mume wangu zaidi ya wote sikumwambia. Ningeanzaje?

Jirani yetu mmoja alikuwa mama mjane aliyeuza vitumbua. Jumamosi moja baada ya alasiri alinipitia, akasema anataka mkono wa kumsaidia kuchambua mchele. Nilikuta wanawake wanne juu ya jamvi, ungo mmoja katikati. Nilikaa. Nusu saa baadaye niligundua kwamba mchele ule haukuwa na haraka ya kwenda popote.

Wote walikuwa wamezika, na matanga yao yalikwisha anuliwa zamani. Kutandika jamvi la kilio katika nyumba isiyo na maiti kwetu ni kuita kifo, na waume zao wasingekubali hata siku moja. Ndiyo maana ukatafutwa mchele. Mpita njia akichungulia, aliona wanawake na ungo, akaendelea na safari yake. Aliyeshika ungo ndiye aliyesema, na waliobaki walitazama mchele, si uso wake. Mawe yaliyotolewa yaliwekwa kwenye kisahani. Tulipomaliza, mama wa vitumbua aliyachukua yale mawe, akayarudisha kwenye mchele na kuyachanganya vizuri, ili Jumamosi ijayo tuwe na kazi. Mchele ule haukupikwa kamwe. Ulizidi kuwa mweusi kwa vidole vyetu.

Sheria zilikuwa chache na mama wa vitumbua alizisimamia kama hakimu. Ilikatazwa kusema ni kazi ya Mungu. Si kwamba si kazi yake, alisema, ila hilo sote tumeshaambiwa. Ilikatazwa kumwambia mtu anyamaze. Ushauri ilikuwa uuache mlangoni na viatu. Mwenzako akimaliza, kama una neno, litoe kwako mwenyewe: mimi yalinikuta hivi. Kama huna, pokea ungo.

Mjukuu wa dada yangu anataka kujua faida. Faida niliiona kwanza kwa wenzangu. Mmoja alikuwa hawezi kupita njia ya makaburini, na baada ya miezi kadhaa akapita. Mwingine, muuza maziwa kutoka Buswelu, mtu mzima kuliko sisi sote, alianza kulala usingizi. Hawakuacha kulia, ila walilia na kisha wakaenda kupika. Mimi nililia misiba yao kwa moyo wote. Zamu yangu ikifika nilisema, "Ilikuwa surua," nikaupitisha ungo. Miaka minne nilisema maneno hayo mawili. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini wahenga hawakuwa wamempiga mtu mkono wenye maji.

Uhuru uliangukia Jumamosi. Asubuhi mji mzima ulikwenda kuangalia gwaride na ngoma, na mimi nikaenda, kwa kuwa kubaki nyumbani siku ile kungeulizwa. Watoto wa shule walipita wakiimba, vumbi hadi magotini. Walipovunja safu walikimbilia pipa la maji lililowekwa kivulini, wakanyang'anyana kata ya kuchotea. Mmoja wa umri wa kama miaka kumi, umri ambao mwanangu angekuwa nao, alikunywa mpaka maji yakamchirizika kifuani, akashusha pumzi, akachota tena. Hakuna aliyemkataza. Nilitoka pale nikiwasukuma watu.

Alasiri nilidhani sitamkuta mtu kwa mama wa vitumbua. Nilikuta wote wamefika. Ungo uliponifikia niliushika, na safari hii nilisema yote: kanga iliyoshikwa, mkono nilioupiga, kikombe, foleni ya zahanati. Nilisema nimemwua mwanangu kwa kiu karibu na ziwa, na baba yake anajua.

Kisha muuza maziwa akanyoosha mkono kuchukua ungo.

"Mimi niliwanyima wawili, mwanangu," alisema. "Mmoja, halafu wa pili mwaka uliofuata. Kwa mkono huu huu."

Miaka yote ile alikuwa akituambia tu kwamba wanawe walikufa kwa surua. Alinisikiliza Jumamosi baada ya Jumamosi nikisema neno lake mwenyewe, na wala mimi sikumsikia. Tuliushika ungo sote wawili, nikalia kama sikuwahi kulia kabla.

Nilirudi nyumbani kabla ya magharibi. Mume wangu alikuwa amekaa kibarazani, nguo za sikukuu bado mwilini. Nilikaa chini nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa yale maji, kwamba najua ananihukumu na ana haki.

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Nilimpa," alisema.

Nikamuuliza alimpa nini.

"Maji. Ulipokwenda Buzuruga. Alikunywa vikombe viwili. Akaomba cha tatu, nikaogopa, nikamnyima." Alijishika magoti. "Ulinikataza, nikampa, na alfajiri akafa. Mimi ndiye niliyemwua. Ningekuambiaje?"

Moyo wangu ulifurahi, lazima niseme ukweli. Mwanangu alikunywa. Kisha nikaelewa kilichobaki. Nilimweleza maneno ya muuguzi, kwamba maji hayaui mwenye surua, kwamba yeye ndiye aliyetenda sawa kati yetu.

"Uliyajua lini hayo?" aliuliza.

Nilimwambia ni miaka mitano. Hakugomba. Aligeuza uso upande wa ziwa, mabega yakaanza kutikisika, na mimi sikuthubutu kumgusa. Miaka mitano nilikuwa na neno moja la kumtua mzigo wake, nikalificha ili kulinda aibu yangu. Tulikuwa tumelala migongo ikitazamana muda wote huo, na mtoto mwingine hatukumpata, wala baadaye hatukumpata.

Alipotulia aliniuliza leo nimepata wapi ujasiri. Nikamweleza habari za ungo, jamvi na mawe yanayorudishwa. Akatabasamu kidogo, akasema kumbe ndiyo maana mchele wa yule mama hauishi. Kisha akauliza, "Na sisi wanaume tunachambua nini?"

Niliingia ndani nikachukua ungo wenye mchele wa chakula cha jioni, ambao nilikuwa nimeshauchambua. Nikaokota vijiwe uani, nikavitupia humo na kuuweka ungo magotini pake. Hakujua kuchambua. Alitupa punje nzima na kuacha mawe, na aliongea, na mimi nilitazama mchele.

Wali ule ulitugonga meno na tuliula wote. Alipomaliza hakutoka nje. Alinawa, akakaa, akaniomba maji. Nilikishusha kile kikombe cha buluu kutoka rafuni, nikakisuuza, nikampa.